Deki ya Kushoto

Ninyi mnaokuja kwangu hapa Masasi, mkaikuta ile redio kubwa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, mkaniuliza Mama Fikiri mbona huiwashi na sisi tusikie, nami nikawajibu imeungua, nimekuwa nikiwadanganya. Haijaungua. Ni nzima kuliko magoti yangu. Leo nawaambia ukweli wake, na mwenye kutaka kucheka acheke huku mwanzoni, kwa sababu kuna mahali nitafika mimi mwenyewe sicheki, na siku hiyo mchekeshaji nilikuwa mimi, nimevaa koti la marehemu na kofia yake na miwani yake, mbele ya watu wote wa Mkunya, kule Newala.

Kwanza muijue redio yenyewe. Niliinunua mimi, kwa korosho zangu, za mikorosho niliyoachiwa na mama yangu kule Chilangala (hakuninunulia mwanamume, hilo mlishike), msimu mmoja ambao mikorosho ilikubali na bei nayo ikakubali. Mwalimu mmoja alikuwa anahama Lulindi na hakutaka kubeba vitu vizito. Nilikwenda kwake kununua meza, nikarudi na redio. Juu ina kinanda cha santuri chenye mfuniko wa plastiki, chini yake redio yenyewe yenye taa ya kijani, chini yake tena deki mbili za kaseti, moja kulia na moja kushoto, na pembeni spika mbili za mbao, kila moja inanifika kiunoni. Mume wangu, Baba Fikiri, Mungu amrehemu, alipoiona inashushwa kwenye gari hakuuliza meza iko wapi. Alikwenda kunawa mikono.

Miaka ile ndiyo miaka yangu mizuri, nasema bila kuficha. Kila Ijumaa akitoka msikitini Baba Fikiri alikuwa anakiondoa kitambaa, anakikunja mara nne, anafuta vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, kisha anaiwasha na kuiacha bila kuweka kitu chochote mpaka ipate moto, na ikishapata moto inatoa harufu fulani ya vumbi na mbao (mkinifunga macho leo nitaitambua), ndipo anatia kaseti na sisi tunakaa. Majirani walikuja na kaseti zao zimelegea, anazikaza kwa kalamu taratibu, hataki kuharakishwa. Mgeni haruhusiwi kugusa kitufe. Na wageni wakishaondoka tulikuwa tunafunga mlango tunacheza wawili, mimi na kanga yangu, yeye na fulana, watu wazima na watoto wamelala, mtanisamehe kwa kusema hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa redio ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Deki ya kushoto inatafuna mkanda. Unatia kaseti, inaimba vizuri, mara sauti inalegea, inakuwa ya mtu mwenye usingizi, ukifungua unakuta mkanda umejiviringisha ndani kule kwenye kigurudumu. Na kwa bahati mbaya hiyo hiyo ndiyo inayorekodi, ya kulia inapiga tu. Kwa hiyo ukitaka kurekodi huna ujanja, ni kushoto, na dawa yake ni kuchomeka njiti ya kiberiti kwenye kifuniko ili kaseti ikae imara. Ukisahau njiti, umekwisha. Baba Fikiri alikuwa na sharti lake, akilirudia kwa kila mtu aliyeingia ndani: deki ya kushoto haipewi kitu unachokipenda. Lishikeni na hilo.

Baba Fikiri akafa. Sitaeleza alivyokufa, sicho kisa cha leo. Nitaeleza siku ya kuanua tanga lake, siku ya tatu, mimi nimekaa eda, sijala, sijalia, nimekuwa gogo, wanawake wamejaribu maneno yote wameshindwa. Ndipo akaingia Baba Somoe wa Mkunya. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu mababu, wakifiwa wao tunakwenda sisi kuwafanyia vituko, tukifiwa sisi wanakuja wao, wanamwiga marehemu, wanamsema, wanalala njiani kuzuia watu wasipite, wanashika kitu cha nyumba hiyo mpaka kikombolewe kwa kuku au kwa chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Wenye desturi hii mnaijua, na wasioijua wataiona ni ukatili, lakini siyo, ni dawa.

Basi Baba Somoe aliingia mpaka sebuleni bila hodi, akaisimamia redio, akasema kwa sauti, "Huyu bwana alininyima kugusa vitufe hivi miaka yote. Haya, bwana, amka unikataze." Akasubiri. Akatega sikio. Akasema, "Amekubali." Akaitia kwenye gunia la korosho, akajitwika, akatoka nje akizunguka uani na gunia kichwani, anayumba, anaimba, mwembamba yule na redio inamshinda, mara suruali ikaanza kumvuka na mikono yote iko juu ameshika gunia. Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka nikaanza kulia, na nilipoanza kulia nikalia siku nzima, na jioni yake nikala. Walipotaka kuikomboa kwa kuku nikawaambia mwacheni aende nayo, sitaki kuisikia ikiimba bila mwenyewe. Nikamwambia, "Chukua, mtani. Ni haki yako." Hivyo ndivyo redio yangu ilivyopanda Newala.

Akaitunza, sina la kumsingizia. Kila mara alikuwa ananipigia kwa kile kisimu chake kidogo cha vitufe (simu nyingine aliikataa, akisema sauti ya muziki kwenye simu ni inzi ndani ya chupa, ila akitaka kunirusha roho aliitumia hiyo hiyo), anaweka simu karibu na spika, ananiambia, "Mtani, mwanao anakusalimia." Namwambia, "Ukifa naichukua." Ananijibu, "Njoo na gunia zuri, lile la kwako lilitoboka." Tumekwenda hivyo miaka na miaka, mpaka nikawa nikisikia simu inaita siku ya Ijumaa nacheka kabla sijapokea.

Mwaka juzi, korosho zinaanza kuanguka, nikasikia Baba Somoe amefariki. Aliugua kifua muda mfupi. Wakamzika siku hiyo hiyo, na taarifa ilinifikia jioni, kwa hiyo mazishi sikuyawahi. Nikaapa kwamba tanga siliachi. Nikapanda Newala siku ya tatu asubuhi na gunia jipya mkononi, na ndani ya gari watu walinishangaa, mama mzima nimelikunja gunia kwenye mapaja huku machozi yananitoka, kisha natabasamu peke yangu, kwa sababu nilikuwa napanga maneno.

Nisemeni mnavyotaka, nia yangu ilikuwa safi. Nilitaka nimfanyie Mama Somoe kile ambacho mumewe alinifanyia mimi. Hilo tu.

Nilianza kupiga kelele tangu njiani. "Yuko wapi mwizi wa redio yangu? Ametoka bila kuaga?" Wanawake uani wakaanza kucheka kabla sijafika. Wifi zangu wawili wa ukoo wetu walikuwa wameshatangulia, wakanipokea kwa vigelegele vya utani na ndoo ya kupiga ngoma. Nikaingia ndani, nikachukua koti la marehemu msumarini, kofia yake, miwani yake yenye kamba, nikatoka natembea alivyokuwa akitembea, mkono kiunoni, shingo mbele, nikiinama kila hatua tatu kutega sikio kana kwamba nasikia spika ina kasoro. Mama Somoe alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka, ameziba mdomo kwa kanga, na nikaona mabega yake yanatikisika. Anacheka. Nikasema moyoni Alhamdulillahi, dawa imeingia.

Pembeni yake alikaa msichana. Ni Somoe mwenyewe, mtoto wao wa pekee, anafanya kazi Mwanza, amesafiri kutoka ule upande wote wa nchi, na basi lake lilikuwa limemshusha asubuhi ile, siku ya tatu baba yake akiwa chini. Hakuuona uso wake. Aliniambia "Shikamoo, mama," nikamjibu kwa sauti ya baba yake, "Marahaba, mwanangu," na watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Alinitazama tu. Nami (na hapa ndipo uamuzi mdogo ulipoingia, ule ambao kila siku naurudia) nikajiambia huyu mtoto sitaondoka hapa mpaka nimchekeshe.

Kama ningeitia redio kwenye gunia na kutoka, leo nisingekuwa na mkasa. Nilikuwa nimepanga hivyo hivyo, gunia, kichwani, kuyumba, labda kanga inivuke kidogo. Lakini nikaona kwamba hicho alishakifanya yeye, na mtani mzuri haigi, anaongeza. Nikaamua niiwashe.

Walikuwa wameisogeza pembeni ya sebule ili wageni wapate nafasi, na kuifunika kitambaa. Nikaivuta pamoja na spika zake mpaka mlango wa uani, wifi mmoja akaleta waya wa kurefushia umeme. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye deki ya kushoto niliona kuna kaseti, ya kulia haina kitu. Hapo shangazi yake Somoe, Bi Hawa, dada wa marehemu, alinyanyuka akiwa na mwiko mkononi, akasema, "Mtani, hiyo ya humo..." Nikamkata. "Kaa chini, shangazi. Miaka yote hii mlipiga ninyi. Leo napiga mimi." Watu wakacheka, yeye akasita. Kumkatiza mtani kazini si adabu. Akakaa.

Njiti sikuiona. Niliangalia kwenye kifuniko, ndiyo, niliangalia, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwa mazoea, na njiti haikuwepo, labda ilidondoka walipoisogeza. Nitalirudia hilo baadaye.

Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti, kimya, nikaongeza mpaka mwisho, kimya (kumbe walipoisogeza walichomoa waya za spika, na mimi mwenye redio sikutazama nyuma). Nikaipiga kofi juu, nikasema, "Hata redio yake imefiwa." Watu wanacheka. Nikaangalia kwenye kidirisha cha deki, nikaona mkanda unaingia kule kusikotakiwa, umeshaanza kujaa. Nikafungua, nikaichomoa kaseti, mkanda ukaja nao, mrefu, unang'aa, na ncha nyingine imeng'ang'ania ndani ya mashine. Nikaunyanyua juu. Nikasema, "Tazameni, mtani kaacha utumbo."

Hapo kicheko kilikuwa cha kuanguka. Na mtu ukishachekewa hivyo huna breki, msinidanganye kwamba ninyi mngeacha. Nilivuta. Nikauzungusha kiunoni kama shanga, nikakata kiuno kwa koti la mzee, wifi zangu wakapiga ndoo, wakavuta na wao, mmoja akajifunga kichwani, mwingine mikononi, ukakatika huku na huku. Ile ncha iliyokwama ndani ikakataa kutoka, nikaomba kisu cha vitunguu, nikaikata. Nikacheza mpaka kwenye mafiga ambapo pilau la tanga lilikuwa linapikwa, nikamsalimia mpishi kwa sauti ya marehemu, nikamwomba ukoko. Kisha nikaishika kaseti yenyewe na lile bonge la mkanda, pamoja na vipande vya wifi zangu, nikasema, "Basi na wewe mfuate mwenyewe," nikatupa motoni.

Nikageuka kumtazama Somoe kama amecheka.

Alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alimwuliza mama yake, sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ile ndiyo kaseti?"

Mama Somoe bado kanga iko mdomoni. 

"Mama. Ndiyo ile?"

Ndoo ikanyamaza. Nilisikia mkanda unavyoungua, unatoa sauti ndogo, na harufu ya plastiki ikaanza kuingia kwenye pilau la watu. Nikauliza, "Kaseti gani?" Bado nilikuwa natumia sauti ya marehemu, koo halikuwa limegeuka.

Bi Hawa ndiye aliyenieleza, kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. Kwamba kaka yake alipoona kifua hakimwachii, na mtoto ruhusa ya kazini haijatoka, alijifungia na redio michana miwili mfululizo akizungumza na mwanawe. Kwamba alipomaliza aliirudisha kaseti mwanzo, akasema mtu yeyote asiiguse wala asiisikilize kabla ya Somoe. Kwamba hata mkewe hakujua kilichosemwa humo. Kwamba Somoe aliambiwa asubuhi ile alipofika, akaomba isubiri mpaka watu watawanyike, asimsikilize baba yake kwenye kelele. "Nilitaka kukwambia," akasema Bi Hawa, "ukaniambia nikae."

Nikarudi motoni. Niliingiza mikono yote miwili, kwa hiyo hiki kidole mnachokiona kimejikunja ni cha siku ile, si cha ugonjwa wa mifupa. Nikatoa plastiki iliyoyeyuka na kitu cheusi kimeshikamana nayo. Nikachukua ndoo ya maji nikamwagia moto, maji yote, na ninyi mnajua maji kule juu yanavyotafutwa, ndoo ile ilikuwa ya watu kutawadha. Moshi na majivu vikaingia kwenye sufuria. Pilau likaharibika mbele ya wageni wote. Wanaume walioko barazani mbele wakatuma mtu kuuliza kuna nini.

Nikaenda mpaka kwenye mkeka nikapiga magoti. Nikasema, "Mama Somoe, nisamehe. Sikujua."

Akaiondoa kanga mdomoni. Hakuwa anacheka, na sijui ni wakati gani alikuwa ameacha. Akasema, "Mtani hakosi."

Nikasema, "Nimekosa."

Akasema, "Mtani hakosi, Mama Fikiri. Umefanya kazi yako. Kaa, watu wasome dua."

Mnaelewa maana yake? Kama ningekuwa jirani angenitukana. Angekuwa ndugu yangu angenipiga, na baada ya mwaka tungekaa tukazungumza. Lakini mtani hanuniwi, na asiyenuniwa hawezi kusamehewa. Nilitafuta mahali pa kuingiza ile radhi nikakuta ukuta mtupu.

Dua ilisomwa. Nilikaa katikati ya wanawake muda wote ule nikiwa bado nimevaa koti la mzee na kofia yake, kwa sababu kuvua niliogopa na kuendelea kuvaa niliona aibu, na kipande cha mkanda bado kimenizunguka kiunoni, na kila nikiinua mikono kusema amina kinalia kwenye koti. Somoe alikaa mbele yangu. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Tukala ming'oko, ile mizizi ya porini iliyochemshwa, na chai, maana pilau halikuwa la kulika.

Nilipotaka kuondoka kimya kimya Mama Somoe akaniita. Redio ilikuwa imeshatiwa kwenye gunia langu, gunia jipya, imefungwa kamba, spika zimefungwa kanga, na juu yake kuku mmoja amefungwa miguu. Nikasema hapana, tafadhali, siwezi. Akasema, "Chukua, mtani. Ni haki yako. Mwenyewe aliacha neno kwamba ukija na gunia upewe."

Maneno yangu mwenyewe yale. Nikabeba. Hakuna aliyecheka nilipoyumba.

Sasa niwaambie lile nililosema nitalirudia. Kwenye mkeka nilisema sikujua, na kuhusu maneno ya mzee ni kweli sikujua. Lakini deki ile naijua tangu ujana wangu, na niliona njiti haipo. Nilibonyeza kwa sababu nilitaka itafune. Nilijua ikitafuna watu watacheka zaidi. Hilo sijamwambia mtu wa Mkunya mpaka leo, nawaambia ninyi.

Nilikaa nayo mwezi mzima ikiwa kwenye gunia. Kuku nilimpa jirani. Siku nilipoitoa nikafungua deki ya kushoto, nikatazama kwa tochi, nikaona ile ncha niliyoikata kwa kisu bado iko ndani, imezunguka kigurudumu. Niliitoa kwa kibano cha nyusi, asubuhi mpaka adhuhuri, nikinawa mikono kila mara kama Baba Fikiri. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu na nusu tena. Nikaipeleka pamoja na kile kipande cha kiunoni kwa fundi mmoja mzee hapa Masasi; kile cha kiunoni kilikuwa kimevutika hakitoi sauti, hii akaiunga kwenye kaseti tupu. Nikaitia deki ya kulia. Nikasubiri redio ipate moto.

Kwanza anakohoa. Kisha, "Haloo. Haloo. Somoe, mwanangu. Inaingia hii?" Kuku analia mahali fulani. Kisha anasema, "Ngoja kwanza nifunge mlango." Unasikia kiti kinasogea. Basi, mwisho.

Nilimpigia Somoe, yuko Mwanza. Nikamwambia kimepatikana kidogo, nitakutumia kaseti yenyewe. Akaniambia hana pa kuipigia, huko kwao hakuna mtu mwenye mashine ya hivyo. Kisha akasema, "Weka simu karibu na spika." Nikaweka. Ilipokwisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, mtani."

Kwa hiyo msije mkadhani haiwashwi kabisa. Misiba ya watani wangu naenda bado, siwezi kukimbia desturi, lakini nakaa mikono ikiwa mapajani na nikitania natania kwa mdomo tu, kitu cha mtu sigusi, hata mwiko. Na kila Ijumaa baada ya swala simu ya Mwanza inaita. Sichekagi kabla ya kupokea. Naondoa kitambaa, nakikunja mara nne, naiacha ipate moto, namwekea baba yake mara tatu au nne, kadiri atakavyosema, anaaga, nazima, nafunika. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, na sitamwuliza, maana najua atanijibu mtani hakosi.